Uji wa shule: pesa, mahindi, mkebe wa nyumbani ama mandazi ya geti? Tulinganishe kabla ya kikao

Kikao cha wazazi kiko wiki ijayo na ajenda ni ileile ya kila mwaka, asubuhi watoto wale nini. Najua vile itaenda. Mmoja atasema serikali ilete chakula, mwingine atasema kila mtu afungie mtoto wake, mzee mmoja pale nyuma atasema sisi tulisoma na njaa na hatukufa, alafu saa nane itafika watu watawanyike waende sokoni na hakuna kitu kimeamuliwa. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kamati ya uji miaka mitatu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, zile pesa nimeshika na yale magunia nimebeba, kwa hivyo wacha niweke hizi njia moja kando ya nyingine na hesabu zake ndio tukifika pale kila mtu ajue anachagua nini. Naandika Kiswahili juu kikao chetu chenyewe ni cha Kiswahili, Msamia, Mteso, Mgisu, Muganda wa duka na Mkongomani wa vitenge hatuna lugha ingine ya kugombania.

Tumalize kwanza habari ya serikali. UPE, ule mpango wa elimu ya msingi bila ada, ilianza 1997, ada ikatoka lakini chakula hakikuingia. Sheria ya elimu ya 2008 inasema wazi kulisha mtoto ni kazi ya mzazi, alafu hiyohiyo sheria inasema mchango wa shule ni wa hiari na mtoto hafukuzwi ati kwa sababu kwao hawajachanga. Pesa yenye serikali inatuma kwa shule ya msingi ni kama shilingi 20,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima, na hapo ndani kuna chaki, kuna mitihani, kuna kurekebisha mlango wa choo. Ukigawa kwa siku kama 186 za masomo inabaki shilingi 107 kwa siku. Hio hata mandazi moja ya maana hainunui. Kwa hivyo yule atasimama aseme "tungojee serikali" tumpe heshima yake akae chini, tuendelee.

Uji wa pesa

Hii ndio shule nyingi za mjini wanafanya. Mzazi analipa kiasi fulani kila muhula, shule inanunua unga na sukari, wapishi wanapika, watoto wanakunywa. Hesabu yangu ni ya shule ya watoto 600, bei ni za duka za hapa kwetu, wewe weka zako.

Kikombe kimoja cha uji wa kushiba kinakula unga kama gramu 50. Watoto 600 ni kilo 30 kwa siku, kwa 2,500 ni 75,000. Sukari kilo 6, tuseme 27,000. Kuni 15,000. Wapishi wawili, 8,000 kila mmoja, 16,000. Maji jerikani 15 hivi, za kupika na za kuosha, 5,000. Jumla 138,000 kwa siku, yaani shilingi 230 kwa kikombe. Muhula wa siku 62 inakuja 8,556,000, kila mtoto 14,260.

Ukiangalia hio 230 unasema aah, rahisi, nani anashindwa 230? Lakini mzazi haulizwi 230, anaulizwa 14,260 kwa mara moja, mwezi wa pili, wakati ametoka kununua vitabu na yunifomu, na ana watoto watatu hapo. Mtu wa kusukuma mkokoteni pale mpakani anapata pesa ya leo anakula leo. Sasa tuseme robo hawalipi, kwetu imewahi kuwa zaidi ya robo. Waliobaki ni 450 na sufuria ni ileile, kwa hivyo kila aliyelipa inabidi alipe 19,000 ndio wote wanywe. Hapo ndio kelele inaanza, yule aliyelipa anasema mimi silishi watoto wa watu, na kamati inaanza kutafuta njia ya kuzuia wasiolipa.

Na hapa nitasema kosa letu, kosa langu pia. Mwaka wa kwanza tulitengeneza kadi. Aliyelipa anapewa kadi ya kijani anaonyesha kwa sufuria. Siku ya tatu mwalimu wa zamu akaniita nione, watoto kama mia wamesimama kando ya ukuta wa darasa la P.3, kimya kabisa, wanaangalia wenzao wanakunywa, na kasichana kamoja ka P.2 kanashika kikombe chake cha plastiki, mama yake alikuwa ameandika jina kwa rangi ya kucha, nyekundu, kwa hivyo huyo mama alijua mtoto anaenda kunywa uji, pengine alitarajia tu. Nilienda nyumbani nikaziweka zile kadi kwa sigiri. Lakini pesa ya uji iliisha wiki ya saba muhula huo, na hio pia ni ukweli, kuchoma kadi hakukununua unga.

Kizuri cha pesa ni kwamba ni rahisi kushika, risiti inaandikwa, stoo haijai panya, unanunua unga uliosagwa tayari na kama uji umekuwa mwepesi unajua ni nani wa kuuliza. Kibaya ni kwamba inamkamata mtu wakati mbaya kabisa wa mwaka, alafu inavutia mikono. Sisemi zaidi.

Uji wa mahindi

Hii ndio naipigia debe, nisijifanye niko katikati.

Mzazi analeta mahindi badala ya pesa. Gramu 50 mara siku 62 ni kilo 3.1 za unga kwa mtoto. Sisi tunaomba kilo 4 za mahindi, gorogoro mbili za kujaa. Mbona nne na inatakiwa tatu na kidogo? Juu ya wale hawataleta. Watoto 450 mara kilo 4 ni kilo 1,800, na mahitaji ya watoto wote 600 ni kilo 1,860. Mnaona? Robo nzima ya shule isipoleta hata punje moja, sufuria bado inatosha karibu wote, uji unakuwa mwepesi kidogo tu kama mpishi amesahau kiganja kimoja. Ukisaga bila kukoboa karibu yote inarudi unga, usikubali mashini ikukoboe ikupe ule mweupe wa grade one, hapo unaacha zaidi ya theluthi kwa mwenye mashini analisha nguruwe zake.

Pesa bado inatakiwa lakini kidogo. Kusaga 200 kwa kilo, hio 6,000 kwa siku. Sukari tunapunguza iwe kilo 3, 13,500. Wapishi 16,000, maji 5,000. Kuni kila mtoto analeta kipande kimoja Jumatatu. Jumla 40,500 kwa siku, muhula 2,511,000, kila mtoto kama 4,200. Robo wasipolipa inapanda hadi 5,600 hivi. Sasa weka kando ya ile ingine: huku tofauti ya kubeba mwenzako ni 1,400, kule ni karibu 5,000. Kwa kikao watu wanapigania hio elfu tano, lakini kwa hii ya 1,400 sijawahi kuona mtu anasimama.

Lakini kuna mambo tatu na msipoyajua mtanilaani.

La kwanza ni kalenda. Huku kwetu tunavuna mara mbili, mwezi wa saba na wa nane, alafu mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza. Muhula wa kwanza unaanza mwezi wa pili, mahindi bado yako nyumbani. Muhula wa tatu unaanza mwezi wa tisa, mahindi yapo. Muhula wa pili, ule wa mwezi wa tano na wa sita, hapo hakuna kitu, ghala ni fagio tu na bei sokoni imepanda, na ndio wakati watoto wana njaa kabisa. Kwa hivyo mahindi ya muhula wa pili lazima yakusanywe mwezi wa kwanza na wa pili pamoja na ya muhula wa kwanza, kilo 8 kwa mara moja. Shule ya 600 ni kilo 4,800, magunia 48 ya kilo mia. Mna stoo ya magunia 48? Ina mbao chini, gunia lisiguse sakafu? Ina kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa hedi na mwingine kwa mzazi? Kama jibu ni hapana, anzeni na muhula mmoja.

La pili ni fukusi na ukungu. Fukusi kuna yale magunia ya PICS, ya tabaka tatu, unafunga hewa haiingii wadudu wanakufa wenyewe bila dawa, nunueni hayo, watoto wasilishwe ile dawa ya unga ya kuua wadudu. Ukungu ndio hatari zaidi. Watu wa hapa mnakumbuka Machi 2021 Kenya walipofunga mahindi yetu wakasema yana aflatoksini, ile sumu ya ukungu, malori yakapanga foleni mpaka madereva wakaanza kufua nguo kando ya barabara, siku chache baadaye wakafungua na masharti. Tulikasirika sana, lakini aflatoksini ni kitu kweli, haitoki kwa kupika, inaumiza ini ya mtoto. Na mzazi akiambiwa lete mahindi, wengine wanaleta yale ambayo hawawezi kula wala kuuza, tusidanganyane.

Kwa hivyo kwa mlango wa stoo tunaweka chupa ya soda ya kioo iliyokauka vizuri. Unamwaga mahindi ya yule mzazi yafike robo ya chupa, chumvi kavu vijiko vitatu, unafunga, unatikisa, unaacha itulie kama dakika 15. Chumvi ikishika kwa kioo mahindi ni mabichi, anaenda kuanika tena. Isiposhika, karibu ndani. Hio chupa imemaliza maneno mengi kwa sababu si mimi namkataa, ni chumvi, kila mtu anaona. Punje za kijani, nyeusi, zenye harufu, hazijadiliwi.

La tatu, kuna wazazi wa mjini hawana shamba. Yule anauza nguo za mitumba ataleta mahindi kutoka wapi? Atanunua gorogoro mbili sokoni alete, na akinunua wakati wa mavuno inamtoka pesa kidogo kuliko ile 14,000. Lakini akitaka kulipa pesa wacha alipe, kamati inunue. Usilazimishe kila mtu apite mlango mmoja.

Alafu kitu kidogo lakini kikubwa: uji wa mahindi peke yake unajaza tumbo lakini haujengi mwili. Kikombe chenyewe ni kalori kama 180 na protini kidogo sana. Ukitoa sehemu moja kwa tano ya mahindi ukaweka soya, uji unabadilika kabisa. Soya ikaangwe kwanza mpaka inukie, mbichi inasumbua tumbo na mwili hauchukui ile protini yake vizuri, kaanga ndio upeleke mashini pamoja na mahindi. Tulijaribu pia unga wa mukene, yaani dagaa, kwa karatasi ni nzuri sana kuliko hata soya, watoto nusu wakamwaga, darasa likanuka samaki mpaka saa tisa. Tuliacha siku ya pili.

Mkebe wa nyumbani

Viongozi wetu wengi, mpaka wa juu kabisa, wanapenda hii: mzazi amka ufungie mtoto chakula, shule isiulize mtu pesa. Na kusema kweli kwa mzazi mmoja mmoja ni njia nzuri. Muhogo uliopikwa jana, viazi vitamu vya ile rangi ya chungwa ambavyo vina vitamini A, yai moja kama kuku wametaga, inaingia kwa mkebe na hakuna kamati inaiba. Unajua mtoto wako amekula nini. Kama nyumbani kwako kuna chakula na una mtu wa kuamka mapema, hakuna haja ya kungojea kikao.

Lakini sisi tunaongea habari ya watoto ambao kwao hakuna. Mkebe wa nyumbani unabeba kile kilicho nyumbani, na kama nyumbani ni chai ya rangi bila sukari basi mkebe ni mtupu. Nenda simama kando ya darasa wakati wa brek. Utaona wale wenye kitu wanafungua katikati ya uwanja, wale wenye muhogo mkavu wanafungua kifuniko nusu, mkono mmoja umefunika, anakula haraka kama anaiba, na wale wasio na kitu wameenda kwa bomba, wanakunywa maji, wanazunguka nyuma ya choo mpaka kengele ilie. Alafu kuna kuibiana, mtoto wa P.5 anafungua mkebe anakuta umelambwa. Mwalimu anamaliza nusu saa ya kwanza akifanya kesi ya chapati.

Na kwa joto la hapa, chakula kilichofungwa saa kumi na moja kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kikifika saa saba kinavuta uzi. Kwa asubuhi sawa, kwa mchana hapana.

Mandazi ya geti

Mama wa mandazi ni mtu wetu, na yeye ni mzazi hapohapo, simsemi vibaya. Mandazi, chapati, kikomando (chapati na maharage) kwa wakubwa, mtoto anakuja na mia tano anakula moto moto. Hakuna stoo, hakuna kamati, hakuna mkutano. Lakini mia tano kwa siku mara 62 ni 31,000 kwa muhula, mara mbili ya uji wa pesa, na ni unga wa ngano na mafuta. Mzazi anaona ni rahisi kwa sababu inatoka kidogo kidogo. Na asiye na mia tano anasimama hapo geti akinusa. Wazo langu, na nimelisema kwa kamati wakanicheka alafu wakakubali: mmoja wa hao mama ndio awe mpishi wa uji. Anajua moto, anajua usafi wa watu wengi, na ile 8,000 ya uhakika haiogopi mvua.

Mfadhili

Kila kikao kuna mtu anasema tutafute mzungu. Sawa, kule Karamoja, kaskazini mashariki, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, imelisha shule miaka mingi sana na ukiuliza mwalimu yeyote aliyefundisha huko atakwambia watoto wanakuja kwa sababu ya sufuria, chakula kikichelewa darasa linapungua. Lakini Karamoja ni Karamoja, na sisi hapa hatuko kwa hio ramani.

Ng'ambo hapa Kenya wazee mnakumbuka maziwa ya Nyayo, Rais Moi alianzisha 1979, bure kabisa, watoto wa upande ule walikuwa wanatucheka wakipita na vile vipakiti. Miaka ya tisini pesa ikakosekana, ikafa. Sasa Nairobi tangu 2023 wana Dishi na County, chakula cha mchana, mzazi analipa shilingi tano za Kenya na ingine inalipwa na kaunti na shirika wanalofanya nalo, mtoto anagusisha bangili kwa mashini na hakuna mtu anajua nani amelipiwa na nani amejilipia. Hio bangili ndio mimi napenda kuliko hata chakula. Kwetu hakuna bangili, lakini ile akili yake, kwamba pale kwa sufuria watoto wote wanafanana, hio haiuzwi. Mfadhili akija anunue sufuria kubwa, anunue jiko la kuokoa kuni, atengeneze tanki la maji. Akitaka kununua unga, mwambie asante, alafu muulize mwaka wa tatu utanunuliwa na nani.

Shamba la shule silizungumzii sana, shule yetu ina kiwanja cha mpira na choo, tutapanda wapi. Nyinyi wa vijijini wenye ekari mbili pandeni soya, si mahindi, mahindi mtaletewa. Na watoto wasigeuzwe vibarua.

Wote ama maskini tu, na saa ngapi

Hizi mbili watu wanazisahau na ndizo zinaamua kama uji utanyweka.

Marekani, nchi yenye pesa, mpango wa chakula cha asubuhi shuleni walianza kwa majaribio 1966, ukawa wa kudumu 1975, mtoto wa familia maskini anakula bure. Na bado mpaka leo wanaokula asubuhi ni wachache kuliko wanaokula mchana. Mbona? Chakula kilikuwa kinatolewa kabla ya kengele, kwa kantini, basi la shule likichelewa mtoto amekosa, na yule anaonekana akiingia kantini mapema kila mtu anajua kwao vipi, basi afadhali akae nje na njaa. Dawa waliyopata ni mbili. Moja, chakula kipelekwe darasani baada ya kengele, ama kiwekwe kwa toroli kwenye korido mtoto anachukua akipita. Mbili, sheria yao ya 2010 ikaruhusu shule za maeneo ya maskini kulisha wote bure bila mtoto kuulizwa fomu, kwanza ilikuwa shule zenye asilimia 40 ya watoto waliotambulika tayari kuwa maskini, 2023 wakashusha mpaka 25. Jimbo la Tamil Nadu kule India Septemba 2022 walianza na watoto wadogo wa darasa la 1 hadi la 5 kwa shule za serikali, wote, hakuna kuchagua. Uingereza walipima, majibu yalitoka 2016, watoto wa miaka sita na saba kwa shule zilizopewa chakula cha asubuhi bure kwa kila mtoto walikuwa mbele ya wengine kama miezi 2 ya masomo, na walimu wakasema darasa zima lilitulia, mpaka kwa wale ambao hawakuwa wanakula.

Sasa leta kwetu. Chaguo la kwanza, uji saa moja na nusu kabla ya masomo. Mtoto anaanza hesabu akiwa ameshiba, lakini wapishi wanaamka saa kumi, na mtoto anayetembea kilomita nne akichota maji kwanza nyumbani anafika saa mbili, amekosa, na huyo ndio maskini mwenyewe tuliyekuwa tunamtafuta. Chaguo la pili, saa nne na nusu wakati wa brek. Wote wamefika, lakini masomo mawili ya kwanza yamekwenda na njaa, na ndio masomo ya hesabu na kusoma huwa yanawekwa hapo. Chaguo la tatu, kengele inalia saa mbili, kila darasa linatuma watoto wawili wakubwa na ndoo yenye mfuniko, uji unagawiwa darasani wakati mwalimu anaita majina. Dakika 20. Nani amelipa, nani hajalipa, inajulikana kwa kitabu changu tu, na kitabu changu kinalala kwangu.

Walimu watalalamika kuhusu madawati kumwagikiwa na nzi. Ni kweli, tulijaribu muhula mmoja kwa P.1 mpaka P.3 na wiki ya kwanza ilikuwa fujo, kuna mwalimu alitishia kuhama. Wiki ya tatu watoto wenyewe walikuwa na zamu ya kitambaa. Na kitu ambacho sikutegemea, wanaochelewa wakapungua, kwa sababu uji unaisha.

Basi chagua hivi

Shule ya mjini kabisa, wazazi wana mishahara, stoo hakuna: chukueni uji wa pesa lakini mgawanye malipo kwa wiki ama mwezi, 230 kwa siku ni 1,150 kwa wiki, mtu analipa Ijumaa kwa simu. Shule ya kijijini ama ya pembeni ya mji kama yetu: mahindi, wala msizunguke. Shule ambayo haina maji karibu msianze na uji, anzeni na tanki, mpaka hapo mkebe wa nyumbani, na walimu waangalie kimyakimya nani hana mkebe. Shule ambayo wazazi wameshapoteza imani kwa kamati ya zamani, msikusanye pesa kabisa mwaka wa kwanza, kusanyeni mahindi tu na kuni, gunia kila mtu analiona, na wapishi wawe wazazi wa zamu mpaka watu warudi kuamini.

Kama nguvu ni kidogo msigawe kidogo kidogo kwa shule nzima kila mtu apate maji ya rangi ya uji. Anzeni na P.1 hadi P.3, wote, kikombe kimejaa. Wale wadogo ndio wanalala kwa dawati, wakubwa angalau wanajua kuvizia maembe.

Kikao ni Jumamosi saa tatu, si saa tano. Nitakuja na chupa na chumvi, kila mzazi mwenye mahindi ndani aje na kiganja kimoja kwenye karatasi tupime hapohapo tujue tuko wapi. Na yule mzee wa "tulisoma na njaa" nimemwekea kiti mbele.